Nilikuwa Nangoja Ndege

 Wiki hii ni zamu yangu kuandika. Kusema kweli nimeikwepa zamu hii mara mbili, lakini kiongozi wetu wa kikundi hanipi tena nafasi ya kukimbia. Mimi si mwandishi. Niko na miaka 24, nilimaliza sekondari kambini, na kazi yangu ni ya kujitolea upande wa afya. Tunapita nyumba kwa nyumba tukiuliza: kuna mtoto anayehara? Kuna mama mjamzito ambaye hajaenda kupimwa? Kuna mzee aliyeacha dawa zake katikati? Tunaandika kwenye daftari, tunapeleka kituo cha afya. Basi, ni hivyo tu.

Kwa sasa niko Bujumbura. Nimemleta Mama kutibiwa macho, tumefikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Buyenzi. Jioni tunashuka mpaka ziwani. Kutoka pale milima ya Uvira inaonekana kabisa, na giza likiingia unaona taa za ng'ambo. Macho ya Mama hayafiki tena huko, kwa hiyo ananiuliza: "Wamewasha?" Namjibu: "Wamewasha, Mama." Hata siku ambazo umeme haupo kule namjibu vilevile. Nchi yetu iko pale, ng'ambo tu ya maji, na tangu 2012 hatujalala huko hata usiku mmoja.

Leo nataka tuongee juu ya ndugu zetu walio mbali kuliko sisi: madaktari, wauguzi, wahandisi na walimu wa kwetu ambao wako Ubelgiji, Kanada, Marekani, Australia. Tunawaita diaspora. Kambini neno hilo tunalitamka kama mkulima anavyotamka neno mvua. "Diaspora watajenga shule." "Diaspora watatuma ambulansi." "Tungoje diaspora." Na mimi katika kungoja nilikuwa wa kwanza. Ila nilikuwa nangoja kwa namna yangu: nilingoja na mimi niwe diaspora.

Kesi yetu ya kwenda Marekani ilikuwa imefika mbali. Mahojiano tulimaliza, vipimo vya hospitali tulimaliza, tukabaki kungoja tarehe ya ndege. Mpango wangu ulikuwa umeshakamilika kichwani. Nifike Marekani, nijue Kiingereza, nisomee uuguzi, nifanye kazi miaka michache, halafu nirudi Fizi kwetu na koti jeupe, nifungue kituo cha afya. Nilikuwa nimechora hata ramani yake nyuma ya daftari la kazi: hapa chumba cha kujifungulia, hapa dawa, hapa bomba la maji. Wenzangu walipokuwa wananiita tuanzishe kitu pale kambini, nilikuwa nawajibu: "Mimi niko safarini." Miaka 3 nzima nilikuwa safarini, na kambini sijatoka.

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya wa Marekani akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Sisi habari ilitufikia kwenye simu ya jirani. Mama alikuwa ameshagawa vyombo. Sufuria yake kubwa, ile ya kupikia sherehe, alimpa mama wa nyumba ya pili kwa sababu, alisema, huko Amerika ziko nyingine. Sasa akaona haya kuidai. Siku chache baadaye, usiku, yule mama akaja, akaiweka sufuria mlangoni kwetu, akaondoka bila kusema neno. Asubuhi tulipoiona hakuna aliyeongea. Mimi nilichana ule ukurasa wenye ramani.

Wiki zile sikutaka kumwona mtu. Halafu mwezi wa pili vita vikafika Bukavu, na watu wa kwetu wakaanza kuvuka mto Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu mahali maji yalipowaruhusu. Walikuwa maelfu kwa maelfu. Wengi walikusanywa kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, upande wa Cibitoke. Wakatafutwa vijana wa kujitolea wanaojua Kiswahili na lugha za kwetu. Nilienda, si kwa sababu ya moyo mzuri, bali kwa sababu kukaa nyumbani na ile sufuria kulikuwa kumenishinda.

Huko ndiko nilikomjua mtu ambaye sasa tunamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Jina lake silitaji kwa sababu sijamwomba ruhusa. Ni muuguzi, mtu wa Kivu Kusini kama sisi, na ameishi Ubelgiji miaka mingi. Mwenzangu mmoja alikuwa na namba yake, akanipa, akasema: "Huyu anajibu hata usiku."

Usiku mmoja mama mmoja akaniletea mtoto aliyekuwa anahara tangu asubuhi. Wauguzi walikuwepo, lakini foleni ilikuwa ndefu na wao walikuwa wachache, na zile pakiti za kuchanganya na maji zilikuwa zimeisha upande wetu. Nikakumbuka kwamba mtu anaweza kutengeneza maji hayo mwenyewe, ila vipimo vilikuwa vimenitoka kichwani. Nikampigia Yaya. Akaniambia: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nikasema sawa, nimeelewa, nikataka kukata simu niokoe mega. Akanizuia.

"Ngoja kwanza. Nionyeshe hicho kijiko."

Nikageuza kamera. Akapiga kelele: "Hiyo ni kijiko ya supu! Ya chai, ndugu yangu, ya chai! Chumvi ikizidi utamuumiza mutoto!"

Tulizunguka nusu ya uwanja tukitafuta kijiko cha chai. Kilipatikana kwa mzee mmoja aliyekimbia na thermos yake. Yaya akakaa na sisi kwenye simu: vijiko viwe sawasawa, visiwe na mlima juu; mpe kidogo kidogo; akitapika ngoja dakika 10, uanze tena polepole; mama aendelee kunyonyesha. Na akarudia mara tatu: macho yakiwa yameingia ndani, au mtoto akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, msingoje mtu wa simu, mkimbilie kwa daktari. Karibu na alfajiri mtoto akakojoa, akamlowesha mama yake. Yule mama akacheka peke yake gizani. Sikuwahi kuona mtu anayefurahia mkojo namna ile.

Nimekifikiria sana kile kijiko. Usiku ule Yaya hakutuma hata dola moja. Alichokuwa nacho ni masomo yake, miaka yake ya kazi, na ile akili ya kuuliza: kijiko gani? Mimi swali hilo nisingeliuliza. Lakini na yeye, bila mtu wa kushika simu pale uwanjani, na bila mzee mwenye thermos, angefanya nini kutoka Ubelgiji? Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hii habari ya diaspora ina pande mbili, na sisi tumezoea kuongelea upande mmoja.

Sasa niwape na ya aibu. Mwaka 2021 chama cha watu wa kwetu walioko nchi moja ya Ulaya kilituma kompyuta 12 kwa vijana wa kambini kwetu. Zilifika, tukapiga picha, tukaimba. Zile kompyuta mpaka leo ziko kwenye maboksi. Sola ya kituo chetu inatosha balbu na kuchaji simu, basi. Panya wamekula baadhi ya nyaya. Kwa miaka mingi tumekuwa tukisema: "Diaspora hawajui maisha yetu, wanatuma vitu bila kuuliza." Ndugu zangu, si kweli. Waliuliza. Nilikuwa kwenye kikao. Tulikuwa vijana 7 chini ya turubai, ujumbe ulikuja kwenye simu: mnahitaji nini? Tukajibu kompyuta, kwa sababu tulisikia kambi nyingine wamepata. Mmoja wetu akasema tuwaambie pia kwamba hakuna umeme. Tukamnyamazisha. Tuliogopa kwamba tukisema hakuna umeme hawatatuma. Basi walituma, na sisi tulipata tulichoomba.

Niliposhuka huku Bujumbura, mwalimu mmoja rafiki wa shangazi alinisimulia habari ya Mrundi mmoja, nikaona kama ananijibu mimi. Wengine mnaijua, kuna mwandishi Mmarekani, Tracy Kidder, aliyeiandikia kitabu kizima mwaka 2009. Mtu huyo anaitwa Deogratias Niyizonkiza. Mwaka 1993, alipouawa rais Melchior Ndadaye na vita vya Burundi vikaanza, Deo alikuwa mwanafunzi wa udaktari, yuko kwenye mazoezi ya kazi katika hospitali ya Mutaho. Wauaji walipoingia hospitalini alijificha chini ya kitanda. Mlango wake alikuwa ameuacha wazi, wakadhani ameshakimbia. Alitembea kwa miguu porini, akafika Rwanda, na huko nako 1994 mauaji yakaanza, akarudi. Mwishowe akapanda ndege, akafika New York na dola 200 mfukoni, Kiingereza hajui. Akafanya kazi ya kupeleka vyakula nyumbani kwa watu kwa dola 15 kwa siku. Akalala kwenye nyumba mbovu, akalala kwenye bustani ya Central Park. Wakapatikana watu wema wakampokea, akasoma Chuo Kikuu cha Columbia, halafu afya ya jamii pale Harvard, akafanya kazi na Dokta Paul Farmer kwenye shirika la Partners In Health.

Mpaka hapo ni hadithi tunayoipenda sisi vijana. Ni hadithi ya ndege. Tunaishia hapo, tunapiga makofi, tunaenda kulala. Mimi nilichoomba mwalimu arudie ni sehemu inayofuata.

Deo alirudi Burundi, akataka kuanzisha kituo cha afya Kigutu. Kigutu ni huku kusini, unafuata njia ya ziwa kuelekea Rumonge na kuendelea, halafu unapanda milima. Shida ya kwanza ilikuwa njia. Kama kilomita 6 hazikuwa zinapitika na gari. Bila gari hakuna saruji, hakuna dawa, hakuna mgonjwa wa kubebwa. Ikaulizwa kampuni ya ujenzi ya Wabelgiji, ikasema kazi hiyo ni kama dola 50,000. Hela hiyo haikuwepo. Akawaeleza wananchi, amekata tamaa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akasema maneno ambayo maana yake ni hii: hutalipa hata senti moja, sisi ni maskini na tunaugua kwa ajili ya umaskini, lakini wavivu sisi siyo, njia tutailima wenyewe. Wakaja na majembe, sululu na mapanga, wanaume na wanawake. Wakaifungua njia. Shirika la Deo linaitwa Village Health Works, na kituo cha Kigutu kilifungua milango Desemba 2007.

Fikirini vita ile iliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000, na iliingia mpaka kati ya majirani wa mlima mmoja. Kila mtu kwenye ile njia alikuwa na marehemu wake na hasira zake. Lakini mgonjwa akipita, anapita kwenye njia iliyolimwa na wote. Mimi sijafika Kigutu, mkimbizi wa kambini hatoki anavyotaka, mnajua habari za vibali. Lakini ile njia naiona kichwani kuliko hata ile hospitali.

Na tusiende mbali, hata sisi Wakongo tuko na habari kama hiyo. Dokta Denis Mukwege wote mnamjua, ile Nobel ya 2018. Je, mnajua kwamba udaktari aliusomea hapa hapa Bujumbura, Chuo Kikuu cha Burundi? Alimaliza 1983, akafanya kazi Lemera, kwenye milima hiyo hiyo ninayoiangalia na Mama jioni, upande wa kaskazini. Akaona wanawake wanavyokufa kwa kujifungua, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Angeweza kubaki. Mwaka 1989 akarudi Lemera. Oktoba 1996 hospitali ile ikashambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa, yeye akanusurika. Mwaka 1999 akaanza upya Panzi, Bukavu.

Kinachonigusa mimi ni mwaka 2012. Watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake, mlinzi wake akauawa, naye akakimbia na familia yake kwenda Ulaya. Sasa amekuwa kama sisi, mkimbizi. Nani alimrudisha? Wanawake wa kisiwa cha Idjwi, watu wa kuishi kwa chini ya dola moja kwa siku, walianza kuuza mananasi yao ili wakusanye hela ya tiketi ya ndege ya daktari wao. Mwezi wa kwanza 2013 akarudi, na kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka Bukavu watu walijaa barabarani.

Angalieni vizuri hapo. Mananasi ya Idjwi hayawezi kulipa daktari aliyesomea Ufaransa. Majembe ya Kigutu hayawezi kujenga chumba cha upasuaji. Lakini bila hayo wataalamu wasingekaa. Mtu aliyesoma akirudi akawakuta watu wameshaanza, anapata mahali pa kuweka mkono wake. Akikuta watu wamekaa wanamngoja, hata awe na roho nzuri namna gani, atachoka, atapiga picha, atarudi alikotoka. Na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Tena si lazima mtu arudi moja kwa moja na masanduku yake yote. Tangu 2001 shirika la uhamiaji IOM lilikuwa na mpango unaoitwa MIDA Maziwa Makuu, Ubelgiji ndiyo ilikuwa inalipia. Madaktari, walimu na wataalamu wa kilimo wenye asili ya Burundi, Rwanda na Kongo wanaoishi Ulaya walikuwa wanakuja kwa muda mfupi, wanafundisha wenzao hospitalini na vyuoni, wanarudi kwenye kazi zao. Mtu ana watoto shuleni kule, ana nyumba ya kulipia. Tukimwambia "ukitupenda uhame", tunamfukuza. Wiki 2 zake za likizo, akizikuta zimeandaliwa vizuri, zinaweza kufanya kazi kuliko miaka ya ahadi.

Sasa nirudi kwetu. Nilipotoka Rugombo nikarudi kambini, nikamwandikia Yaya barua ndefu ya kuomba msaada kama tulivyozoea: sisi ni vijana tunaoteseka, tunawaomba wafadhili, Mungu awabariki. Alijibu kwa sauti, dakika moja tu. Alisema: "Mudogo wangu, barua ya maombi mimi sitaki. Niandikie vitu vitatu. Nini muko nayo. Nini mutafanya ninyi wenyewe. Nini inakosa." Nilikasirika siku mbili. Halafu tukakaa tukaandika.

Tuko na nini: chumba cha kanisa, kiko huru Jumapili mchana, simu 2 zenye skrini nzima, vijana 22 wenye nia, mama 3 waliokuwa wakunga vijijini kabla ya vita. Tutafanya nini: tutachanga franga 500 kila mtu kwa wiki kwa ajili ya mega; tutapita nyumba zote kuandika wajawazito; tutaomba ruhusa kituo cha afya ili kazi yetu isigongane na yao. Nini kinakosa: mwalimu, na mashine moja ya kupima presha. Na safari hii tuliandika pia: umeme hatuna, mashine iwe ya kupampu kwa mkono, isiwe ya betri.

Mashine ilikuja. Mwalimu ni yeye mwenyewe, kila Jumapili saa 9 mchana. Somo la kwanza lilikuwa hatari za ujauzito: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba. Na yeye anajifunza. Siku moja mkunga wetu mmoja alimkatiza: "Binti yangu, huku mwanamke hasemi ana mimba mpaka tumbo liseme lenyewe. Ukimuuliza mbele ya watu atakataa." Yaya akanyamaza, tukamwona anaandika. Tangu siku ile tunaulizia kwa bibi wa nyumba, tena tukiwa tumeongozana na mkunga.

Sitaki kuwapaka rangi. Tulianza vijana 22, leo tumebaki 9. Wengine walisema motisha iko wapi, mashirika yanatoa motisha. Ninawaelewa, mgao umepungua, njaa si mchezo. Mmoja alinisema kwamba nimekuwa mtumwa wa mtu wa Ulaya kwenye simu. Iliniuma. Lakini mwezi uliopita mama mmoja wa mimba ya miezi 8 alilalamika kichwa, tukampima: 160 kwa 110. Tukapima tena, ileile. Kituo kikampeleka hospitali usiku huo huo. Amejifungua, wako wazima wote wawili. Hao 9 wote walienda kumwona mtoto. Wale 13 nao, wengi walikuja.

Yaya amesema akipata likizo atakuja mwenyewe, wiki 2, kama tutakuwa tumeandaa. Sasa hiyo ndiyo njia yetu ya kilomita 6: tuwe na orodha kamili ya wajawazito, tuwe tumekubaliana na kituo, tuwe tumepata vibali vyake, tuwe tumepata mahali pa kulala. Hakuna hata kimoja kinachotaka dola 50,000. Kinachotaka ni sisi tusigombane mpaka wakati huo, na kusema kweli hilo ndilo ninaloliogopa.

Kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika niko na neno moja, kwa heshima. Mnapowaleta wataalamu wa kwetu kutoka nje, msiwalete kwenye hoteli na kwenye ukumbi tu. Waleteni waone kijiko. Na mnapotuuliza tunahitaji nini, tupeni nafasi ya kusema ukweli bila kuogopa kwamba tutanyimwa. Sisi tumejifunza kuomba kile tunachodhani mnataka kutoa. Ugonjwa huo tunao pamoja, na tutibiwe pamoja.

Vijana wenzangu, sitawadanganya. Tarehe ya ndege ikija kesho, nitapanda. Bado nataka kusomea uuguzi, na siwezi kuusomea kwenye simu ya Jumapili. Ila neno "niko safarini" nimeliacha. Nikienda, nataka niende kama mtu ambaye ameshaanza kazi, ili huko nikisoma nijue nasoma kwa ajili ya nani. Nisipoenda, kazi iko.

Jana jioni ziwani nilimsomea Mama sehemu ya maandishi haya. Alisikiliza, halafu akauliza kama habari ya sufuria lazima iwemo. Nikamwambia lazima. Akasema: "Basi andika kwamba safari nyingine sigawi kitu mpaka mguu wangu uko kwenye ngazi ya ndege." Nimeandika.

Zamu inayofuata ni ya mwenzetu wa Musenyi, jiandae. Na wewe unayesoma hii, kabla hujamwandikia ndugu yako wa nje, chukua karatasi ujaze yale mambo matatu: tuko na nini, tutafanya nini, nini kinakosa. Karatasi ikijaa, nitumie picha yake kupitia kikundi. Nataka kuziona, na Yaya naye ameniomba zote.